Boozi Bafu: Kula kwa Waasia Mjini London

Msikilizaji, leo naanza kwa kukusomea majina matatu ya vyakula vya mkahawa mmoja wa Kipunjabi ulioko Southall, magharibi mwa London. Nayasoma kama yalivyopigwa chapa. La kwanza ni nyamah choma, nyama ikiwa na herufi ya h mkiani. La pili ni machuzi kuku. La tatu ni boozi bafu.

Kama ungekuwa umeishika karatasi hiyo ya vyakula mkononi, pengine ungekunja uso. Bafu tena, mezani? Lakini wewe huna karatasi, una redio, na leo redio inakufaa kuliko macho. Hebu yasikilize tena. Nyama choma. Mchuzi wa kuku. Na hilo la tatu, masikio yangu yananiambia ni mbuzi na mbavu zake, ingawa siku hizi sahanini huletwa nyama ya kondoo. Aliyeyaandika majina haya hakukisoma Kiswahili darasani. Alikisikia. Alikisikia Nairobi, na siku alipotafuta herufi za kukiandikia, alizokuwa nazo ni za Kiingereza, zile ambazo u huandikwa kwa o mbili.

Mkahawa huo unaitwa Madhu's, na ulifunguliwa mwaka 1980. Mwendo mfupi kutoka hapo, kwenye Western Road, upo mwingine uitwao Brilliant, wa mwaka 1975. Yote miwili imetoka katika ukoo mmoja, ukoo wa Anand, na kabla ya Southall ukoo huo ulikuwa na Brilliant Hotel mjini Nairobi. Kwetu, kama ujuavyo, hoteli ni chakula kwanza, kitanda baadaye.

Naulizwa mara nyingi na wasafiri wetu, wanaokwenda London kusoma, kutibiwa, au kumwona mtoto aliyehamia huko: tule wapi? Mji ni ghali, baridi inauma, na mtu akishinda siku tatu kwa mkate baridi wenye kipande cha jibini katikati huanza kuota ugali. Jibu langu halijabadilika kwa miaka. Kula kwa Waasia. Na katika Waasia, anzia kwa wale waliopitia kwetu.

Historia yenyewe unaijua kwa upande wetu. Kati ya mwaka 1896 na 1901, Waingereza waliwaleta vibarua zaidi ya 30,000 kutoka Bara Hindi kuja kujenga reli ya kutoka Mombasa hadi Kisumu. Wengi walirudi kwao, maelfu machache wakabaki, na nyuma yao wakaja wafanyabiashara, mafundi seremala, makarani. Baada ya uhuru mambo yakabadilika. Mwaka 1967 Kenya ilitunga sheria ya leseni za biashara iliyowabana wasiokuwa raia, na Waasia wengi wenye pasipoti za Uingereza wakaanza kufunga mizigo. Mwaka 1968 Bunge la Uingereza likapitisha kwa haraka sheria ya kuwazuia hao hao, pasipoti zao wenyewe zikiwa mikononi. Kisha Agosti 1972 Idi Amin akawapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Karibu 28,000 waliishia Uingereza. Sufuria zao nyingi zilibaki Kampala na Jinja, lakini neno sufuria lilipanda nao ndege. Mpaka leo wapo wazee wa Kigujarati katika vitongoji vya London wanaoita sufuria sufuria na kisu kisu, na wajukuu wao hudhani hayo ni maneno ya Kigujarati.

Sasa nikupeleke mahali ninapopapenda kuliko pote. Panda treni ya chini kwa chini, ile njia ya Piccadilly, ushuke Alperton. Toka nje, ufuate barabara ya Ealing Road kuelekea Wembley. Utapita maduka ya dhahabu, maduka ya sari, na hekalu kubwa la mawe ya kuchongwa lililofunguliwa mwaka 2010, ambalo hata kama huna haja ya kuingia, simama uliangalie, maana mikono iliyochonga mawe yale haikuwa na haraka. Mbele ya maduka ya mboga mihogo imelala ndani ya makasha, ndizi mbichi zimening'inia, mabamia yamepangwa. Hapo ndipo ulipo Maru's Bhajia House.

Anayetoka Nairobi hahitaji kuelezwa maru bhajia ni nini. Wengine, sikilizeni. Kiazi hukatwa vipande vyembamba vya duara, huchovywa katika unga wa dengu uliochanganywa na giligilani na pilipili, kisha hutiwa katika mafuta ya moto. Kinachotoka ni kitu kikavu kwa nje, laini kwa ndani, na huliwa na chatini ya nyanya na karoti. Bajia hiyo ilizaliwa Nairobi, ikahamia Wembley katika miaka ya 1970. Sisi wa Mombasa tuna viazi karai vyetu na tunavitetea, lakini haki ya mtu mpe: bajia ya Maru ikiwa bado inachezewa na mvuke, chatini iko pembeni na mvua ya London inapiga kioo, inaamsha mtu.

Halafu agiza mogo. Neno hili utalikuta Wembley, Harrow, Southall, na ukienda Leicester pia. Mogo ni muhogo. Midomo ya Kigujarati ilimeza kiuno cha neno na kubakia na kichwa na miguu, na kilichobaki sasa kimeingia katika Kiingereza cha mikahawa ya London, hata Mwingereza asiyeweza kuionyesha Kenya kwenye ramani anaagiza mogo kwa kujiamini. Hupikwa namna mbili tatu. Kuna wa kukaanga tu, wenye chumvi, pilipili na ndimu. Kuna uliorudishwa kwenye kikaango na vitunguu saumu, nyanya na pilipili hoho mpaka ukashika rojo. Mimi ni wa ule wa kwanza. Nimekulia mihogo ya ufukwe wa Mama Ngina, pale bahari inapopiga mawe jioni na muuzaji anaupasua muhogo katikati, anaujaza pilipili ya unga na kukamulia ndimu juu. Kwa hiyo nina masharti. Muhogo lazima uchemshwe kwanza mpaka uanze kupasuka, ndipo uingie kwenye mafuta. Ukikaangwa mbichi unakuwa kijiti. Ealing Road, katika kula kwangu, wanalijua hilo.

Na hapa, msikilizaji, pana jambo linalonikaa rohoni, nalo nitalisema. Kuta za mikahawa ya namna hii London zina picha. Babu mwenye kilemba mbele ya duka, barabara ya Nairobi yenye magari ya zamani, familia imejipanga kwa ukubwa. Ni picha nzuri, na wana haki nazo, maana walianza upya mikono mitupu katika nchi iliyokuwa haiwataki. Lakini katika nyumba za Waasia wengi wa Nairobi, Kampala na Kisumu, jikoni alikuwamo mtu mwingine. Alikuwamo Mjaluo, Mkamba, Muganda, aliyesukuma chapati asubuhi kwa miaka ishirini na kujua nyumba ile inapenda chumvi kiasi gani. Ndiye aliyewapa watoto maneno. Kuku, kisu, muhogo, mchuzi: mtoto huyasikia hayo miguuni pa mpishi, si mezani kwa baba. Yule mtu sijamwona katika picha yoyote ukutani. Naamini boozi bafu ni sauti yake. Ninaposoma jina lile Southall, ninamsikia yeye akimjibu mtoto aliyeuliza leo kuna nini.

Kama unataka kuona mtu aliyeyachukua haya yote na kuyafikiria upya, nenda katikati ya mji, mtaa wa Blandford Street huko Marylebone, utafute mkahawa uitwao Jikoni. Umesikia sawasawa, jina ni hilo hilo, neno letu limeandikwa mlangoni. Mwenyewe ni Ravinder Bhogal, aliyezaliwa Kenya katika familia ya Kihindi na kupelekwa Uingereza akiwa mtoto mdogo. Aliufungua mwaka 2016. Chakula chake kilichosifiwa sana ni yai lililofunikwa kwa kamba waliosagwa na kukaangwa kwa ufuta: Uingereza, China na pwani, vyote katika tonge moja. Mwaka 2020 alitoa kitabu cha mapishi chenye jina hilo hilo la mkahawa, na humo anatangaza kwa fahari kwamba mapishi yake hayadai kuwa ya asili halisi ya mahali popote. Napenda ujasiri huo. Watu wa pwani tuna biriani la Kiajemi, chai ya Kihindi, halua ya Kiarabu na mahamri yetu, na hatujawahi kumwomba mtu ruhusa. Bei za Jikoni ni za Marylebone, nakutahadharisha. Ni mahali pa siku moja katika safari, si pa kila jioni.

Kutoka hapo, nifuate kwa sikio hadi kwenye nazi na unga.

Kusini mwa mji kuna kitongoji kinaitwa Tooting. Watamil wa Sri Lanka walijaa huko hasa baada ya vita kulipuka kwao mwaka 1983, na walichofungua ni vimkahawa vidogo visivyo na madaha, kama Apollo Banana Leaf. Agiza kothu roti. Chakula hiki kinafaa kuelezwa redioni kuliko mahali pengine popote, kwa sababu utakisikia kabla hujakiona. Mpishi hushika vyuma viwili vipana, kimoja kila mkono, na kuikatakata chapati juu ya bamba la moto pamoja na yai, vitunguu, pilipili na mchuzi wa nyama. Taka-taka-taka-taka. Kila mpishi ana mapigo yake. Nimeketi pale jioni moja nikasahau kula kwa kumsikiliza mmoja aliyekuwa akipiga kama mtu wa ngoma ya msondo, anaharakisha, anatuliza, anaharakisha tena, mpaka pigo la mwisho la kusukumia sahanini.

Sri Lanka hiyo hiyo inapika kitu kinachoitwa appam, ambacho Waingereza wanakiita hopper, na upo mkahawa wa jina hilo, Hoppers, mtaa wa Frith Street katika Soho, tangu mwaka 2015. Mama yangu angekitambua kabla ya kuambiwa. Ni unga wa mchele na tui la nazi, umeachwa uumuke usiku kucha, kisha umemiminwa kwenye kikaango kirefu kama bakuli. Ni kibibi, kimepinda kingo zake kwa sababu ya chombo. Tofauti ni sukari: sisi kibibi tunakitia utamu na iliki, wao wanakivunjia yai katikati na kukila na sambol ya nazi iliyotwangwa kwa pilipili. Nimejaribu nyumbani namna yao. Sirudi nyuma.

Na karibu na stesheni ya Euston, kichochoro cha Doric Way, kuna chumba cha chini ya ardhi kinaitwa Roti King. Ni cha Kimalaysia. Foleni yake huwa ndefu, na huna budi kusimama kama wenzako. Ukiwa na bahati utakaa mahali unapomwona mpishi akiuchukua mdonge wa unga uliolala kwenye mafuta, akaurusha hewani na kuupanua mpaka unaona mwanga upande wa pili, akaukunja, akautupa kwenye bamba. Ukitoka unachanika tabaka tabaka. Ni ndugu wa chapati zetu za kusukuma, zile zinazokunjwa kama konokono kabla ya kusukumwa tena, na baba yao wote wawili ni Mhindi aliyevuka bahari, mmoja kwenda mashariki, mwingine kuja kwetu. Huletwa na bakuli la mchuzi wa dengu wa kuchovya.

Ukishuka pale Euston unaweza pia kwenda mtaa wa Drummond Street, nyuma ya stesheni, wenye mikahawa ya Kihindi isiyopika nyama. Diwana ni mkongwe wao, na bhel puri yake ni safi. Lakini najua wasikilizaji wangu. Tayari kuna mtu anauliza nyama iko wapi.

Nyama iko mashariki. Whitechapel, mtaa wa Fieldgate Street, pana mkahawa wa Kipunjabi wa Kipakistani uitwao Tayyabs, wa tangu mwaka 1972, na nyama yake ni halali. Unachoendea ni chopsi za kondoo. Huja juu ya bamba la chuma linalotatarika, moshi unatangulia, na meza za jirani zote hugeuka. Zimelazwa katika viungo mpaka vimefika kwenye mfupa. Kelele ni nyingi, wahudumu wana haraka, na foleni ya Ijumaa usiku inahitaji moyo. Nenda saa kumi na moja jioni, mapema, wakati wapishi bado hawajachoka.

Hapo jirani ni Brick Lane, mtaa uliotangazwa kuliko yote. Nitasema ninavyoona: usianzie huko. Wakati fulani nilivutwa kwa mkono na mtu wa mlangoni aliyeniahidi kila kitu, nikaletewa mchuzi mwekundu mtamu ambao hauna mama wala baba. Mtaa wenyewe hata hivyo unastahili kutembelewa kwa heshima. Mabaharia kutoka Sylhet, iliyoko leo Bangladesh, waliokuwa wakichochea makaa katika meli za Waingereza, ndio walioshuka bandarini London na hatimaye kuanzisha mikahawa iliyoitwa ya Kihindi nchi nzima. Na msikiti wa Brick Lane ni jengo la mwaka 1743 lililojengwa liwe kanisa la wakimbizi Waprotestanti wa Kifaransa, likawa la Wamethodisti, likawa sinagogi, na tangu mwaka 1976 ni msikiti.

Ndiyo maana huwa nakasirika kidogo nikisikia kwamba chakula cha Kiasia ni kitu kipya London. Mwaka 1810 mtu wa kutoka Patna, Sake Dean Mahomed, alifungua mtaani George Street nyumba ya chakula cha Kihindi yenye tumbaku za kuvuta kwa buruma. Miaka miwili baadaye alikuwa amefilisika. Alitangulia wateja wake kwa karne moja na nusu.

Mbali zaidi kaskazini mashariki, Walthamstow, kuna Etles, mkahawa wa Wauyghur, watu wa Kiislamu wa magharibi ya mbali ya China. Kwa mtu wa pwani, hapa pana mshangao. Unaagiza chakula cha nchini China, unaletewa mishikaki. Mishikaki hasa, nyama ya kondoo kwenye chuma, imechomwa na kupakwa bizari nyembamba na pilipili. Funga macho, uko Forodhani kwetu pwani. Fungua macho, mbele yako kuna bakuli la tambi zilizovutwa kwa mkono, ndefu mpaka unasimama kuzimaliza. Watu hawa wana msiba mkubwa nyumbani kwao, na wengi walioko ughaibuni hawajasikia sauti za jamaa zao kwa miaka. Kula kwao ukiwa umejua hilo. Mimi sikuweza kuinuka haraka pale mezani.

Vingine nitavipitia mbio. Mtaa wa Wachina, Gerrard Street, ulihamia Soho baada ya vita vya pili, kwa kuwa mtaa wao wa zamani ulikuwa Limehouse, kule bandarini kulikopigwa mabomu. Bata wa kuokwa ndiye wa kutafuta, kwa asiyekuwa na haraka ya kupata meza. Kingsland Road ni kwa supu ya Kivietinamu, pho, na siku ya mafua hakuna daktari mwema kuliko hiyo. New Malden, kusini magharibi, ni kwa Wakorea, wa Kusini na hata waliokimbia Kaskazini. Ukila nguruwe au usile, uliza kwanza katika mikahawa ya sehemu hizo tatu, maana huko nyama ya nguruwe ni ya kawaida na haitangazwi.

Mara ya mwisho nilipokuwa London nilirudi Ealing Road, peke yangu, Jumapili mchana, mikahawa imejaa. Nikaketishwa meza moja na mzee wa Kigujarati mwenye koti zito. Simu yangu ikalia, nikazungumza na dada yangu aliye Mombasa, maneno mawili matatu, nikakata. Mzee akaniangalia. Akasema, kwa Kiswahili kilichokaa muda mrefu bila kutumiwa, "Wewe natoka wapi?"

Nikamwambia. Yeye alitoka Kisumu, akiwa na miaka kumi na saba. Kiswahili chake, alisema, kimekwisha, amebaki na maneno ya jikoni peke yake. Akaanza kuyataja huku akihesabu kwa vidole, sufuria, mwiko, chumvi, kuni, muhogo, na kila neno alilitamka vizuri kuliko lile swali lake. Nikamuuliza nani alimfundisha. Akamtaja mpishi wa kwao. Alikuwa akimpa ukoko wa wali kabla mama hajaingia. Nikamuuliza jina kamili la mpishi huyo. Akanipa moja. Lile la pili, akasema, hakuna aliyewahi kumuuliza, na yeye alikuwa mtoto.

Mogo ikaletwa, sahani moja, na haikuwa wazi ni ya nani kati yetu. Mzee akaisogeza katikati ya meza, akakamua ndimu.